Siku Moja Juu ya Mwaka

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia kwa Bi. Hester Tregear kilikuwa kikombe changu cha fedha. Kilikuwa katikati ya meza ya chakula cha Jumapili, baina ya viazi na nyama ya kondoo, kimejaa mchuzi wa mnanaa.

Kikombe kile hakinywewi chai. Mara nane kwa mwaka, sikukuu za dini yetu zinapofika, hutiwa divai, kikabarikiwa, kikazungushwa kwenye duara mkono kwa mkono, na anayekupa hukubusu shavuni akasema, "Usione kiu kamwe." Sasa shangazi Ivy, wifi yake Bi. Hester, alikuwa amezamisha kijiko humo, anachota, mchuzi unamdondoka kidevuni.

"Kwenu hawabishi hodi?" Bi. Hester aliniuliza bila kuinuka.

"Kwetu hawaibi."

Jory alikuwa upande wa pili wa meza, uma hewani, kipande cha nyama kikining'inia. Jory wangu. Mabega yake mapana ya mtu anayejenga kuta za mawe tangu ana miaka kumi na sita, na yale macho ya kijivu ambayo mara ya kwanza yaliponiangalia nilisahau nilichokuwa nasema. Siku ile hayakuniangalia. Yalikuwa yanaangalia viazi.

Nilikuwa nimekaa siku sita Lanhale kumuuguza Maud Angove, kuhani wa kundi letu, aliyetoka kupasuliwa nyonga. Asubuhi ile nilirudi Trevanna na mkate mkubwa kwapani, kwa sababu ilikuwa tarehe mosi Agosti, sikukuu yetu ya mavuno ya kwanza, na nilitaka tuumege mimi na Jory. Nikafungua mlango wa nyumba yetu. Pale kwenye kona palipokuwa na madhabahu yangu palikuwa na chombo cha maua ya plastiki, na juu yake kitambaa kilichotariziwa maneno ya Biblia. Kikombe hakipo. Kisu hakipo. Ile sahani ya shaba yenye nyota ya ncha tano haipo. Kitabu hakipo. Sikuvua hata koti. Nilitembea maili nzima hadi kwa mama mkwe nikiwa bado na mkate kwapani.

"Mama," nilimwambia, maana bado nilikuwa namwita mama, "vitu vyangu viko wapi?"

"Nimesafisha nyumba. Mwanangu alikuwa analala na uchafu wa mashetani hatua nne kutoka kwenye mto wake."

"Hatumwabudu shetani. Nimekwambia mara ngapi? Shetani ni wa kwenu. Sisi hatuna hata jina lake."

Shangazi Ivy alicheka, akapaliwa, akanywa maji.

"Na kisu je?" Bi. Hester alisema. "Mpini mweusi, makali pande mbili! Kuku wangu wawili walipotea mwezi wa nne. Nilijiuliza sana, nikanyamaza."

"Kuku wako walichukuliwa na mbweha, na manyoya uliyaona mwenyewe. Kisu kile hakijawahi kukata hata ganda la chungwa. Kazi yake ni kuchora duara hewani kabla ya ibada, basi. Ni butu."

"Ni butu kweli," shangazi Ivy akadakia. "Jana nilijaribu kukatia karoti, nikakata tamaa."

Niliweka mkate mezani taratibu. "Na kitabu?"

Hapo Bi. Hester aliweka chini kisu na uma wake, akavipanga sambamba kwenye sahani kama mtu aliyemaliza kula. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mjane wa mhubiri aliyekuwa pia mjenzi wa kuta, na kwa miaka tisa tangu mumewe azikwe hajakosa ibada hata moja. "Nilikichoma," alisema. "Jumanne, kwenye jiko hili hili. Jalada lilichelewa kushika moto. Lilinuka."

Jiko lenyewe lilikuwa nyuma yake, la chuma cheusi, birika likichemka juu yake kama kawaida.

Kila mtu wa kundi letu ana Kitabu chake cha Vivuli. Unanakili kwa mkono wako kutoka kwa mwalimu wako, neno kwa neno, jioni baada ya jioni, halafu miaka yote inayofuata unaongeza ya kwako: ndoto, miezi mipevu, mimea iliyoponya na mimea iliyoshindwa, maombi uliyoona aibu kuyasema kwa sauti. Changu kilikuwa cha miaka saba.

"Ulisoma hata ukurasa mmoja?" nilimuuliza.

"Mungu apishe mbali!"

"Ungesoma. Ungekuta ile dawa ya kikohozi aliyoinywa shangazi Ivy majira yote ya baridi, ile uliyoniomba wewe mwenyewe, uliyosema imemrudishia usingizi."

Shangazi Ivy aligeuka. "Ilikuwa na nini, Wenna?"

"Asali na majani ya zaatari, shangazi."

"Basi ilikuwa nzuri," alisema kwa sauti ndogo. Akasukuma kikombe mbali naye, sijui kwa heshima au kwa hofu.

"Na ungesoma mbele zaidi, Bi. Hester," nilisema, na neno mama lilikuwa limenihama kinywani moja kwa moja, "ungekuta mwandiko wa mwanao. Siku tuliyofungwa mikono kwa kamba, ndoa ya dini yetu, Maud alimwambia kila mmoja wetu aandike ahadi yake kwa mkono wake. Jory, asiyependa kuandika hata orodha ya mawe, alikaa saa nzima akitoa jasho. Aliandika mistari minne. Alikosea herufi kila mstari. Huo nao umeuchoma."

Niliona linamfikia. Alimtazama Jory mara moja, haraka, kisha akajikaza.

"Ile haikuwa ndoa. Kamba kwenye mikono, uwanjani, na watu pekupeku! Mume wangu alihubiri kanisa lile miaka thelathini. Nimemzika nikiwa na uhakika tutaonana. Unadhani nataka kufika kule nimkute yeye, na mwanangu nisimkute? Nimpoteze huku na huko?" Alisukuma sahani yake mbele. "Niite unavyotaka. Niroge ukipenda. Nigeuze chura, mchawi wewe!"

Neno lile nilikuwa nimelisikia sokoni, nikalisikia kwa dereva wa basi, nimeliona limeandikwa kwa chaki ukutani kwetu. Lakini ndani ya familia lilikuwa na uchungu mwingine.

"Mchawi ni mtu anayemdhuru mtoto wa jirani," nilimwambia. "Mimi napikia watoto mia na ishirini shuleni kila siku, na hajageuka chura hata mmoja. Dini yangu ina sheria moja ngumu kuliko zote: fanya utakalo, mradi usimdhuru yeyote. Na utendalo hukurudia mara tatu. Kwa hiyo sitakufanya lolote. Ila niambie kitu kimoja tu. Mlango wetu nilifunga mwenyewe. Uliingiaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bi. Hester alikosa pa kuangalia.

"Nilimpa ufunguo," Jory alisema.

Sikugeuka mara moja. Kuna maneno ambayo ukiyageukia haraka yanakuangusha.

"Alisema anataka kufagia tu," aliendelea. "Wewe hupo, mimi niko kazini tangu alfajiri. Sikujua atafanya vile, Wenna, naapa."

"Ulijua lini?"

Alisogeza kiazi kwa uma.

"Jory. Ulijua lini?"

"Jumanne jioni. Niliporudi."

Jumanne. Na Jumanne alinipigia simu kwa Maud, akaniuliza kama nimekula. Jumatano akanipigia, akanisimulia habari za ukuta wa mzee Rosevear. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kila jioni aliniambia "nimekukumbuka sana", na kila jioni majivu ya kitabu changu yalikuwa kwenye ndoo ya mama yake. Hasira yote niliyokuja nayo kwa yule mwanamke iliniacha, ikahamia upande wa pili wa meza.

"Nilikuwa nasubiri urudi, nikwambie uso kwa uso," alisema.

"Nimerudi. Uso huu hapa. Na mbona ulikuwa unatafuna?"

Nilichukua kikombe changu, nikamimina mchuzi wote kwenye sahani ya Jory, juu ya viazi, juu ya nyama, mpaka ukafurika kwenye kitambaa cheupe cha meza. Shangazi Ivy, bila kuambiwa, alifungua saraka ya vijiko akanitolea kisu na sahani ya shaba. Nikatoka. Mkate nikauacha pale pale.

* * *

Alinikuta kwenye njia nyembamba iliyo kati ya kuta, zile kuta alizozijenga yeye mwenyewe na baba yake. Alikuwa amekimbia. Bado alikuwa na leso ya kulia chakula shingoni.

"Wenna, simama. Mpenzi, tafadhali."

Nilisimama, na ndicho kilichonikasirisha zaidi, kwamba miguu yangu ilimtii. Alikuwa karibu. Nilisikia harufu yake ya vumbi la mawe isiyotoka hata kwa sabuni, na mwili wangu mjinga ulitaka kuegemea pale kifuani, penye nafasi yangu, uulizwe kama umekula.

"Usiniguse," nilisema. Hakuwa amenigusa.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nina kilo hamsini na mbili."

"Niliogopa sura yako ukisikia. Na sura yake nikimgombeza. Nikaona nikinyamaza, pengine..."

"Pengine kitabu kitaota upya kama uyoga?"

"Nitakununulia kingine," alisema. "Wenna, kuna duka kule Bodmin, nimeviona, vya ngozi, vizuri kuliko kile, kurasa nene..."

Nilimtazama. Mungu wetu wa kike ni shahidi, mwaka mzima niliishi na mtu huyu, nikampikia, nikamkanda mgongo, nikamfundisha majina ya sikukuu zote nane akayasema moja baada ya moja huku akinibusu, na sasa alikuwa amesimama barabarani ananiambia habari za kurasa nene.

"Kununua!" Sauti yangu ilipaa, ng'ombe wa upande wa pili wakainua vichwa. "Mama yako akichomewa kaburi la baba yako, utamnunulia jingine? Kile kitabu kilikuwa na mkono wa Maud, na Maud alinakili kwa mwalimu wake, ambaye kafa. Kilikuwa na jina la mtoto wetu, Jory! Jina la yule aliyetutoka mwezi wa tatu mwaka huu, kabla hajatimia. Lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu duniani!"

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakuwa amejua. Sikuwahi kumwonyesha ule ukurasa. Nilikuwa nasubiri siku ambayo ningeweza kuusoma bila kulia.

"Nilipokuwa hospitalini," nilisema polepole, "muuguzi alikuuliza wewe ni nani. Unakumbuka ulimjibu nini?"

"Wenna..."

"Ulisema, 'Rafiki yake.' Mama yako alikuwa amesimama nyuma yako. Na ile siku ya kufungwa mikono ulimwambia ilikuwa tafrija ya bustanini. Nikasema si kitu, ana aibu, atakua. Mtu wa miaka thelathini na minne!"

"Nakupenda," alisema ndani ya viganja vyake.

"Najua. Hilo ndilo linaloniudhi." Nilifuta macho kwa mkono wa koti. "Kesho ni siku moja juu ya mwaka. Tuliapa mwaka na siku moja. Ukiisha, tunafunga tena, au tunafungua na kila mmoja anashika njia yake. Kesho saa sita mchana niko kwa Maud. Kamba inafunguliwa na watu wawili, kwa hiyo uje."

"Na nisipokuja?"

"Utakuwa umefanya ulichokizoea."

Nikamwacha pale na leso yake shingoni.

* * *

Maud alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni kilicholetwa uwanjani, fimbo mapajani, blanketi miguuni ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa ameweka mawe manne kwenye pembe nne: mashariki kwa hewa, kusini kwa moto, magharibi kwa maji, kaskazini kwa ardhi. Kamba yetu nyekundu ilikuwa mapajani mwake, na fundo lake la mwaka mmoja.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nina hasira."

"Sikukuuliza hilo. Hilo naliona tangu jana."

Jory alikuwa anakuja kutoka langoni. Alikuwa amevaa shati lile lile jeupe la siku tuliyofungwa mikono. Macho yalikuwa mekundu. Safari hii yaliniangalia moja kwa moja, na hayakuondoka.

"Nimekuja," alisema.

Maud alichora duara, polepole, kwa mkono mtupu, akitembea kwa fimbo. Tukasimama ndani, sisi wawili, tukatoa mikono. Akatuwekea kamba juu ya vifundo vya mikono kama ilivyokuwa mwanzo. Ngozi ya Jory ilikuwa ya moto. Dole gumba lake lilikaa juu ya mshipa wangu, na mshipa ukanisaliti.

Ndipo tulipomsikia Bi. Hester. Alikuwa anapanda uwanja kwa viatu vya kanisani, mkoba mkononi, anahema.

"Jory Tregear! Umeniaibisha mbele ya kanisa zima, halafu leo unatoroka bila hata kunywa chai?"

"Subiri nje ya mawe, mama," Maud alisema kwa upole. Na Bi. Hester, sijui kwa nini, alisimama nje ya mawe.

"Amekuaibisha vipi?" nilimuuliza.

"Hujaambiwa? Jana jioni, wakati wa ushuhuda! Watu wanasimama kumshukuru Mungu kwa mavuno, yeye anasimama anasema, 'Mama yangu amechoma kitabu kitakatifu cha mke wangu, na aliyempa ufunguo ni mimi.' Mke wangu! Kalisema mara tatu, kila mtu kasikia. Mchungaji kabaki mdomo wazi. Bi. Nancarrow kaangusha kitabu cha nyimbo!"

Nilimtazama Jory. Alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini hakuinamisha kichwa.

Mwaka mzima nililingoja neno lile. Nililingoja hospitalini. Nililingoja sokoni, nilipokuwa naona anaachia mkono wangu kila kofia ya mama yake inapotokea. Lilikuwa limesemwa hatimaye, kwa sauti, mbele ya watu wote wanaomjua tangu utotoni, na mimi sikuwepo. Aliyeniletea ni mtu aliyelichukia.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza Jory.

"Sikutaka uone kama nakuletea hongo."

"Basi hapo!" Bi. Hester alisema. "Haya. Ameshasema. Mnafungua nini tena? Msifanye hivi kwa ajili yangu, mkaja kunilaumu maisha yote."

"Si kila kitu ni kwa ajili yako, Bi. Hester," nilimwambia. Halafu nikamgeukia yeye niliyempenda, karibu sana hata niliona chumvi kwenye kope zake. "Jory, lile neno lilikuwa zuri. Lilipaswa kusemwa mwezi wa tatu. Hata Jumanne lingefaa. Umelisema nilipokwisha kuondoka."

"Najua," alisema. "Wenna, mimi najenga kuta. Ukuta ukitokeza tumbo, kuna watu wanauegemeza gogo, wanapaka juu, unadumu baridi mbili. Baba alinifundisha uubomoe hadi jiwe la chini." Aliitazama kamba. "Fungua. Sitakuzuia."

Nilimchukia kwa kuyajua maneno mazuri akiwa amechelewa namna ile.

Tulifungua pamoja. Fundo lilikuwa gumu. Yeye alivuta ncha moja, mimi nikavuta nyingine, vichwa vyetu vimeinama hata nywele zikagusana, na kila lilipolegea kidogo nilitaka alikaze. Hakulikaza. Kamba ilianguka kwenye majani. Maud akaiokota, akauliza swali ambalo huulizwa wanaoachana: kila mmoja anaondoka na nini?

"Jina la mtoto," Jory alisema. "Kama ataniambia."

Nilimwambia. Nilisimama kwenye ncha za vidole, nikamnong'oneza sikioni, neno moja tu. Alifumba macho. Alilirudia kimya kimya, midomo ikisogea, mara moja, mara mbili, kama mtu anayeogopa kukosea herufi.

"Na wewe, Wenna?"

"Mimi naondoka na hasira yangu," nilisema. "Bado ninaihitaji."

Tukatoka kwenye duara, yeye magharibi, mimi mashariki. Bi. Hester alikuwa amesimama pale pale, mkoba kifuani. Alimtazama mwanawe akija, mtu mzima analia waziwazi bila kujificha, na uso wake mkavu ukaporomoka wote. Mwaka mzima alipiga magoti kuomba kamba ile ifunguliwe. Alikuwa amejibiwa, na hakujua pa kuliweka jibu lake.

"Jory," alisema, akamshika mkono wa shati. "Twende nyumbani, mwanangu. Kuna nyama ya jana."

Nilikuwa nimefika langoni. Sikutaka kugeuka, nikageuka. Nilimwona Jory akimtoa vidole mama yake kwenye shati lake, kimoja baada ya kimoja, kwa upole sana. Akambusu paji la uso. Kisha akachukua barabara ya bondeni, peke yake, ile isiyokwenda kwa mama yake wala kuja kwangu, na alitembea bila kuharakisha, hadi kona ikamficha.